Taka za shehia: namna ya kuingia ubia na Baraza la Mji, hatua kwa hatua (Pemba)

Masuali yanayoulizwa ni yale yale. Gari la Baraza lisipokuja tufanye nini? Nani ashike pesa? Taka tuzimwage wapi? Ada tunaruhusiwa kutoza? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya shehia ya Pemba yenye kaya 100 hadi 300, iliyo ndani ya eneo la Baraza la Mji la Chake Chake, Wete au Mkoani, lakini mbali kiasi kwamba gari la taka halipiti mlangoni. Ukiwa Micheweni mambo ni hayo hayo, ila utazungumza na Halmashauri ya Wilaya.

Jambo moja litangulie. Ubia wa taka hauvunjiki kwenye kufagia. Kufagia watu wanaweza. Unavunjika pale gari la ng'ombe la shehia linapomaliza safari yake na gari la Baraza halijaanza yake. Taka zinalala, zinanuka, kunguru wanazitawanya, na mwezi wa pili hakuna anayetoa ada. Kwa hiyo kazi inaanza mwishoni: kwanza ujue taka zinaishia wapi na nani atazichukua, ndipo uje kwenye mafagio. Ukianza na siku ya usafi, fulana na picha, utakuwa umekusanya rundo usilojua pa kulipeleka.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Sheha na diwani, wote wawili. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, diwani huchaguliwa na wananchi. Ukimshirikisha mmoja tu, nusu ya shehia itasema hii ni kazi ya upande ule.
- Kikundi cha watu 6 hadi 10, kilichosajiliwa ama kwa Mrajis wa Jumuiya au kama ushirika. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kutia saini mkataba wala kufungua akaunti PBZ au benki nyingine.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, mapolo matupu 40, utepe wa kupimia, daftari la kurasa ngumu.
- Gari la ng'ombe au la punda, la kukodi. Usinunue mwanzoni.
- Pauro 3, reki 3, uma wa kuchotea taka 2, turubali la kufunikia, wavu wa kufungia mzigo.
- Kwa kila mbebaji: glavu nene (za mpira mwembamba wa dukani hutoboka siku moja), buti, na barakoa ya kitambaa. Chanjo ya pepopunda waulizie kituo cha afya kabla ya siku ya kwanza, si baada ya mtu kuchomwa na msumari.
- Vitabu viwili vya stakabadhi vyenye namba na nakala.

Hatua ya 1. Pima taka zenu wenyewe

Usiende Baraza na maneno "taka ni nyingi". Nenda na kilo.

Chagua kaya 20 zilizotawanyika: za pwani, za juu, za karibu na duka, zenye mifugo na zisizo nayo. Kila moja ipe polo mbili, moja ya vya kuoza na moja ya vilivyobaki. Pitia kila asubuhi kwa siku 8, pima, andika, mwaga, rudisha polo. Siku ya kwanza usiihesabu, kwa sababu watu hutoa na taka za wiki iliyopita. Gawa jumla ya siku 7 kwa 7, kisha kwa idadi ya watu wa nyumba hizo.

Kwa vijiji vya namna yetu, kilo 0.3 kwa mtu kwa siku ni makadirio ya kuanzia. Kaya 150 zenye watu sita sita ni watu 900, yaani kilo 270 kwa siku, kilo 1,890 kwa wiki. Lakini sehemu kubwa ya hizo ni maganda ya muhogo na ndizi, mabaki ya jikoni, majani ya uwanjani. Nusu ikibaki nyumbani (hatua ya 3), zinazohitaji gari ni kilo 945 hivi kwa wiki. Ukikusanya mara mbili kwa wiki, kila siku ya kazi ni kilo 470.

Hapa wengi hukosea hesabu. Taka zikishatolewa za kuoza huwa nyepesi. Mita moja ya ujazo inaweza isifike kilo 150. Kwa hiyo kilo 470 ni mita za ujazo tatu na zaidi kidogo. Gari la ng'ombe lenye boksi la mita 1.6 kwa 1.2, kimo nusu mita, linabeba kasoro ya mita moja ya ujazo, na kwa wavu juu utafikisha moja. Ni safari tatu hadi nne, si moja. Ng'ombe hatachoka kwa uzito, gari litajaa kwa wingi.

Usipime wakati wa Ramadhani, wiki ya Idd wala msimu wa karafuu ukawaka, maana utapata picha ya siku hizo tu. Ukiweza, rudia kupima mara moja wakati wa masika: taka mvua hulemea, na ujue kwa kiasi gani.

Hatua ya 2. Tafuta pa kupakilia, kisha uandikishane na Baraza

Shehia haihitaji jaa. Inahitaji kituo cha kupakilia: pahali taka zinapokaa kwa siku chache zikisubiri gari la Baraza. Jaa la kudumu ni kazi ya Baraza na linahitaji kibali cha mazingira. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA), iliyo chini ya Sheria Na. 3 ya 2015, ndiyo inayohusika. Ukichimba shimo lako kimya kimya na kuliita jaa, siku litakapolalamikiwa kisheria utasimama peke yako.

Kuchagua pahali:

- Upande wa magharibi, wenye vilima, usiweke kituo mteremkoni juu ya bonde la mpunga, chemchemi au kisima. Maji ya mvua yatashusha kila kitu.
- Upande wa mashariki, kwenye maweni, jiwe lina nyufa na maji ya chini yako karibu. Kinachomwagwa juu kinaweza kutokea kisimani. Hapo sakafu ya saruji si anasa.
- Mita 50 angalau kutoka nyumba ya karibu, na mbali zaidi kutoka skuli na msikiti. Simama hapo wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, uone upepo unampelekea nani.
- Gari lifike hata mvua ikinyesha. Udongo mfinyanzi wa vilimani huteleza. Dereva akinasa mara moja, harudi. Pita njia hiyo mwenyewe baada ya mvua kubwa.
- Ardhi iwe na maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mwenye shamba huisha siku akigombana na mwanakikundi mmoja.

Kituo chenyewe kiwe na sakafu ya mita 4 kwa 3, ukuta wa mita moja pande tatu, paa la bati, na kizuizi kidogo cha saruji mbele ili maji ya taka yasitoke. Ndani yake zinaingia mita za ujazo 12, ambazo kwa mfano wetu ni taka za wiki mbili hivi. Ndani ya ukuta piga mstari mwekundu kwa rangi, nusu ya kimo. Taka zikifika mstarini ndiyo siku ya kuita gari, na bado mna wiki moja ya akiba likichelewa. Mstari huu ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika kazi hii na unasaidia kuliko vikao kumi.

Sasa mkataba. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 2014, usafi na taka ni dhamana ya Baraza. Nyinyi hamuombi hisani, mnajitolea kufanya kipande cha kazi yake. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Baraza, nakala kwa diwani, na uambatishe kilo zenu na mchoro wa kituo. Mkataba uwe wa pande tatu: Baraza, shehia, kikundi. Uwe mfupi, lakini usikose haya:

1. Kikundi kinakusanya kutoka wapi hadi wapi, siku gani.
2. Baraza linaondoa taka kituoni ndani ya siku ngapi tangu kuitwa. Andika namba, tatu au nne. "Mapema iwezekanavyo" ni maneno ya kukuliza.
3. Nani anaitwa kwa simu, na nani akiwa hayupo. Andika vyeo, si majina, kwani watu huhamishwa.
4. Mafuta ya gari yanatoka fungu gani. Liulize suali hili kikaoni mbele ya mhasibu. Mara nyingi gari lipo, dereva yupo, kinachokosekana ni dizeli, na kama haikuwekwa kwenye bajeti ya mwaka (mwaka wa fedha unaanza Julai) hutaipata Novemba. Barua ifike mapema, bajeti ikiwa bado inapangwa.
5. Ada ni kiasi gani, nani anaruhusiwa kukusanya, stakabadhi za nani. Hapa ndipo lilipo jibu la "tunaruhusiwa kutoza?" Mnaruhusiwa pale Baraza lilipokubali kwa maandishi, si kabla.
6. Gari lisipokuja ndani ya muda, kikundi kinasimamisha ukusanyaji na kutangaza sababu. Baraza litasitasita kwenye kifungu hiki. Kishikilieni. Bila hicho, uchafu wote utahesabiwa wenu.
7. Miezi mitatu ya majaribio, kisha mwaka mmoja.

Usianze kukusanya hata polo moja kabla ya saini.

Hatua ya 3. Punguza mzigo nyumbani

Taka ya kuoza inayobaki nyumbani ni taka ambayo hamlipii usafiri.

Penye udongo wa kuchimbika, kila kaya ichimbe mashimo mawili, mita moja kwa mita moja, kina sentimita 60 hadi 80. La kwanza likijaa lifunikwe kwa udongo na lipumzike miezi mitatu hadi minne, huku la pili likitumika. Kwenye maweni usihangaike kuchimba: panga mawe duara ya upana wa mita moja na ujaze ndani.

Namna ya kujaza: tabaka moja la mbichi (maganda, mabaki ya chakula, samadi), matabaka mawili au matatu ya kikavu (majani makavu, manyasi, makuti yaliyokatwa vipande vifupi), na udongo kiasi cha vidole viwili juu. Ukiminya konzi ya mboji, kiganja kiloe bila maji kuchirizika. Ikinuka vibaya, mbichi imezidi, basi ongeza majani makavu. Ikikaa wiki bila joto, ni kavu mno au ndogo mno. Rundo likiwa dogo mno joto halishiki.

Matumbo ya samaki na vichwa vya dagaa yasiachwe juu. Yafukie sentimita 30 chini, la sivyo paka, kuku na kunguru watafukua kabla ya magharibi. Makumbi na vifuu havifai shimoni, huchukua muda mrefu mno kuoza. Ni kuni, na makumbi yana wenyewe wanaosokota kamba. Makonyo ya karafuu si taka hata kidogo, hununuliwa kwa kukamuliwa mafuta.

Madiko, yaani pahali wavuvi wanaposhusha samaki, yanataka mpango wake. Taka za samaki za diko zima hazingoji siku ya gari. Wavuvi wachimbe handaki la kina cha mita moja juu ya mstari wa bamvua, wamwage kila siku na kufunika kwa udongo siku ile ile.

Hatua ya 4. Amua nini hamchukui

Andika kwenye ubao wa kituo kwa herufi kubwa. Sindano, dawa na bandeji za kituo cha afya: hapana, kituo kina utaratibu wake wa kuchoma. Majivu ya moto: hapana, mpaka yalale siku mbili, kwani gari moja likishika moto ni basi. Chupa za viuatilifu: hapana. Mizoga: inazikwa na mwenyewe.

Pampasi mtachukua tu, hamna njia, maana zisipochukuliwa hutupwa mtoni au pwani. Zifungwe polo lake peke yake na zipakiwe mwisho. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, kwa hiyo msiwaambie watu wafungie taka kwenye "rambo". Polo au pakacha kuukuu linatosha.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya pesa bila kujidanganya

Huu ni mfano. Badilisha bei ziwe za kwenu.

Kaya 150, ada shilingi 2,000 kwa mwezi: kwenye karatasi ni 300,000. Usipange matumizi kwa 300,000. Panga kama watakaolipa ni asilimia 60, yaani 180,000. Wabebaji wawili, siku 8 kwa mwezi, 8,000 kwa siku kila mmoja: 128,000. Kukodi gari la ng'ombe siku 8 kwa 10,000: 80,000. Jumla 208,000. Mmepungukiwa na 28,000 hata glavu hamjanunua.

Pengo halizibwi kwa kupandisha ada ya nyumba. Huzibwa na maduka, migahawa, wenye majiko ya chipsi na nyumba za wageni, ambao hutoa taka nyingi na leo hawalipi chochote. Kumi kwa 5,000 ni 50,000, na sasa mna 22,000 ya matengenezo. Hapo ndipo mradi unaposimama. Kama katika shehia yenu hakuna wafanyabiashara wa kutosha, punguzeni siku za kukusanya kabla ya kupunguza malipo ya wabebaji. Mbebaji asiyelipwa haachi kazi kwa barua. Anaanza kumwaga njiani.

Katika Pemba pesa ina msimu. Karafuu zikishauzwa, watu wana fedha. Miezi ya kungojea hawana. Wape waliovuna nafasi ya kulipa mwaka mzima kwa mkupuo msimu ule, kwa punguzo la miezi miwili. Wajane na wazee wasio na kipato waorodheshwe kimya kimya na kamati, wasamehewe. Usiwasomee majina msikitini.

Mshika fedha asiwe sheha, asiwe mwenyekiti, na asiwe ndugu wa mbebaji. Kila shilingi kwa stakabadhi, pesa ipelekwe benki au kwenye simu ya kikundi ndani ya siku mbili, na hesabu ya mwezi ibandikwe pale watu wanapokaa: barazani, dukani, ubaoni kwa sheha.

Hatua ya 6. Waambie watu, kisha anza padogo

Mkutano wa shehia baada ya sala ya alasiri huwapata wanaume. Kina mama, ambao ndio wenye taka mikononi, utawapata kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, madrasa na kliniki ya watoto. Nenda huko na polo mbili na taka halisi, umwage, utenganishe mbele yao. Dakika kumi zinatosha.

Anza na mtaa mmoja wa kaya 40 kwa mwezi mmoja. Siku ziwe mbili zisizobadilika, kwa mfano Jumatatu na Alkhamisi, saa moja asubuhi. Ijumaa iache. Taka zitolewe asubuhi ile ile, si usiku, kwa sababu ya mbuzi na paka. Mwezi ukiisha salama na gari la Baraza likawa limekuja kila lilipoitwa, ongeza mtaa wa pili. Kama halikuja, usiongeze.

Hatua ya 7. Andika kila safari

Daftari la kituo lina safu sita: tarehe, mtaa, idadi ya magari ya ng'ombe, siku Baraza lilipoitwa, siku lilipokuja, saini ya dereva. Mwisho wa mwezi hesabu siku za kusubiri na upeleke Baraza pamoja na nakala kwa diwani. Afisa atabishana na malalamiko, lakini hatobishana na saini za dereva wake.

Yanapokwenda kombo

*Gari halijaja na mstari umepita.* Piga simu, kisha barua siku ile ile. Muda wa mkataba ukipita, simamisha ukusanyaji na tangaza. Usichome. Moto wa plastiki kituoni huwapa wapinzani wa mradi kila wanachotaka, na moshi wake ni sumu kwa nyumba za karibu.

*Watu wanaleta taka kituoni wenyewe usiku.* Ama ni wasiolipa, au siku za kukusanya hazitoshi. Tazama daftari kwanza. Ikiwa ni mtaa ambao gari halijafika, kosa ni lenu.

*Ada zinashuka mwezi wa tatu.* Uliza mitaa miwili: je, gari lilikuja siku zake? Watu hawaachi kulipa kwa ubahili tu. Likiwa lilikuja, tazama anayekusanya. Mara nyingi anapita saa ambayo wenye pesa hawapo.

*Mabuu na nzi kituoni.* Kuna ya kuoza ndani. Mwaga chokaa au majivu yaliyopoa juu ya rundo, na rudi mtaa unaohusika na polo mbili. Kipindupindu kikiwa kimetangazwa, fuata maelekezo ya afisa afya kwanza, ratiba baadaye.

*Chupa za plastiki haziuziki.* Chupa za lita 1.5 zinahitajika kama 30 kufanya kilo, za nusu lita 50 hadi 60. Mnunuzi wa Unguja au Tanga anakata gharama ya chombo, na mkileta polo mbili hamna cha kupata. Ziponde, toa vizibo, weka chini ya paa mpaka zijaze kirikuu nzima, na mwite mnunuzi aone kabla ya kusafirisha. Chuma chakavu na makopo ya alumini yanalipa mapema zaidi. Tenganisheni hayo tangu siku ya kwanza. Pesa ya mauzo isiingie kwenye hesabu ya mishahara, kwani bei hupanda na kushuka. Itengeeni buti na glavu.

*Ramadhani.* Taka za futari hutoka usiku na maganda ya matunda huzidi. Sogeza ukusanyaji uwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili wabebaji wasishindie juani na saumu, ongeza siku moja katika kumi la mwisho, na liambie Baraza wiki mbili kabla ya Idd kwamba gari litahitajika mkesha, si sikukuu yenyewe. Siku ya Idd hakuna dereva.